Kiota Kwenye Bogenvilia ya Kija

Jumapili, 9 Oktoba 1994. Ilemela

Nyumba ya mwanangu inanuka samaki. Naandika hilo kwanza kabla ya jingine lolote, kwa sababu ndilo linalonipokea asubuhi na ndilo ninalolala nalo. Pazia linanuka, shuka zinanuka, na jana nilipofungua Biblia nilisikia harufu ya sangara katikati ya Zaburi.

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja. Mwisho wa kila zamu tuliandika ripoti, na tangu nipunguzwe kazi mwaka jana mkono wangu unawasha kwa kukosa cha kuandika. Humu ndani hakuna wa kumwambia ninayoyaona, basi nitayaandika.

Mwanangu Muganyizi ni msimamizi katika kiwanda kimoja cha minofu hapa Mwanza. Kazi yake ni kuhakikisha minofu ni safi. Anavaa buti nyeupe na kofia ya wavu, ananawa hadi viwiko, na minofu inapanda ndege kwenda Ulaya. Kinachobaki, yaani kichwa, mifupa na mkia, watu wanakiita mapanki. Hayo mapanki mke wake Kija anayanunua, anayakaanga hapa uani na kuwauzia majirani. Nzi wa kata nzima wamehamia kwetu. Mimi samaki sijamtia mdomoni tangu mwezi wa tano, mto Kagera ulipoleta maiti kutoka Rwanda hadi ziwani, na sitegemei kumtia tena.

Nimekuja kwa ajili ya mjukuu. Ana karibu miezi minne, anaitwa Kokugonza, jina la marehemu mama yangu. Mtoto mzuri, ana macho ya kwetu. Pua ni ya mama yake.

Nje ya dirisha la chumba changu Kija amepanda bogenvilia, nayo imepanda ukutani hadi kwenye nondo. Leo ndege wawili wanajenga humo. Ni wale shore wenye kichwa cheusi na unjano chini ya mkia, tunao wengi hata kwetu Kamachumu. Nilifurahi kwa dakika chache. Kisha nikaona wanachojengea: vipande vya mfuko wa rambo, nyuzi za wavu wa kuvulia, na nywele za bandia za mwanamke sijui gani. Hata ndege wa mji huu ni wachafu.

Alhamisi, 13 Oktoba

Mayai mawili, mekundumekundu yenye madoa. Jike anayalalia na mkia umesimama nje ya kiota.

Muganyizi ana kamera kabatini, zawadi ya mteja wa kiwanda, haijawahi kutoka kwenye mfuko wake. Nimeiomba. Kupiga picha najua. Hospitali ilikuwa na kamera ya madaktari wageni, nami ndiye niliyewapigia picha za vidonda, kwa sababu wenzangu wote walishindwa kuvitazama. Nikisimama nyuma ya pazia na kutoa lenzi kati ya nondo, kiota kiko umbali wa mkono mmoja tu. Muganyizi amenunua mkanda wa picha thelathini na sita. Amefurahi kwamba nimepata cha kufanya.

Jumamosi, 15 Oktoba

Mvua. Wale mbu wa ziwani wasiouma wameinuka majini kama moshi na wameingia ndani. Nimewatoa kwenye uji kwa kijiko mpaka nikauacha uji wenyewe.

Jumanne, 18 Oktoba

Leo nimeona jambo ambalo sikulitegemea katika nyumba ya mtoto wangu.

Mtoto ana mafua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai. Kija alikuwa kwenye kigoda karibu na karai la mafuta, amempakata mtoto. Akainama, akaifunika pua ya mtoto kwa mdomo wake, akanyonya. Akageuka, akatema kwenye majivu. Akarudia tundu la pili, akatema, akafuta mdomo kwa ncha ya khanga, akaendelea kugeuza mapanki ya watu.

Chai niliimwaga. Nilijikaza nikamweleza taratibu, kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wa uuguzi, kwamba mdomo una vijidudu na pua ina vijidudu na si vizuri vijidudu kutembeleana. Nikamletea kutoka kwenye begi langu kile kipira cha kunyonyea kamasi, ambacho nililelea watoto wangu wote. Nikamwonyesha: unaminya, unaingiza, unaachia, unachemsha. Kija ni mtu wa heshima, hilo siwezi kumnyima. Bado anapiga magoti kunisalimia. Alikipokea kwa mikono miwili, akanishukuru. Kisha akasema kwa upole kabisa, "Lakini Mama, haya ni ya mwanangu. Siwezi kuyaonea kinyaa."

Nilirudi chumbani na kikombe changu kitupu. Kutwa nzima kila nikimwangalia mdomo nayaona yale majivu.

Jumatano, 19 Oktoba

Nimezungumza na Muganyizi kabla hajaenda kazini. Nimemwambia nikirudi Kamachumu mwisho wa mwezi ujao nitaondoka na mtoto. Atakuwa anakaribia miezi sita, atakunywa uji na maziwa ya ng'ombe wangu, atalala kwenye nyumba isiyo na nzi. Yeye mwenyewe dada yake mkubwa alilelewa na bibi, na amekuwa mwalimu mkuu. Muganyizi alizungusha kofia yake ya wavu mikononi, akasema atamwambia Kija. Nikamkataza. Mambo haya yakisemwa mapema yanaleta vilio vya bure. Nitamwambia mwenyewe siku ya safari.

Hakubisha. Tangu utoto wake hajawahi kunibishia.

Jumatatu, 24 Oktoba

Kipira hakijaguswa. Nakichemsha mwenyewe kila asubuhi, kikae tayari.

Alhamisi, 27 Oktoba

Wametotoa wote wawili, nami nasikitika kwamba nilikuwa nasubiri. Ni vitu viwili vyekundu, uchi, macho yakiwa bado chini ya ngozi, utumbo unaonekana kwa nje. Vitu vya namna hiyo nimeviona kwenye ndoo za wodi ya wazazi na nilivifunika haraka. Hivi vinafumbua mdomo kuliko kichwa. Mama yao anawashindilia wale mbu wa ziwani, mdomo mzima wa mbu, miguu inaning'inia.

Nimepiga picha nne. Jua la asubuhi linaingia vizuri.

Jumapili, 30 Oktoba

Nilidhani nimeshaona yote.

Kinda akishalishwa anageuka, anainua makalio juu, na kinatoka kifuko cheupe, kinene, kimefungwa vizuri. Ni kinyesi. Mama yake hashtuki. Amekaa ukingoni anakisubiri, mdomo uko tayari, na kikitoka anakipokea na kukimeza. Nilidhani ni bahati mbaya. Nikakaa dirishani mpaka kengele ya misa ya pili, na kila alipokuja ilikuwa hivyo hivyo; baba mtu naye vilevile. Mara moja moja anaruka na kifuko mdomoni kwenda kukitupa, lakini mara nyingi anakula. Anakula kisha anakwenda kutafuta chakula kwa mdomo uleule.

Niliipiga picha hiyo, mama ameshika kifuko mdomoni, jua likimwangaza. Niliipiga kama nilivyopiga vidonda, iwe ushahidi.

Jioni nilimsimulia Kija, nikitumaini atajiona humo. Alisikiliza akichambua mchele, akauliza tu, "Na kiota kinabaki kisafi?"

Nilikwenda kukagua. Kilikuwa kisafi. Kinda mmoja tu, yule mdogo, alikuwa na uchafu umemgandia nyuma.

Jumanne, 1 Novemba. Watakatifu Wote

Ule uchafu wa kinda mdogo ulininyima usingizi. Leo baada ya misa nilitoa kiti nje, nikachukua pamba, koleo langu dogo na chupa ya spiriti. Nilimfuta yule mdogo nyuma, nikamfuta tumbo, mgongo, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza nikapangusa na ukingo wa kiota. Mama yao alikuwa kwenye kamba ya nguo akipiga kelele kupita kiasi. Nilimwambia angoje zamu yake.

Nilinawa, nikakaa kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nije hapa nilijisikia vizuri.

Jumatano, 2 Novemba

Amekufa.

Yule mdogo. Nilimkuta asubuhi wa baridi, ngozi imekauka na kukunjamana, sisimizi wameshafika. Mwenzake amemkalia juu na anafumbua mdomo. Mama yao alikuwa hajaja; alisimama kwenye kamba, akija karibu anarudi.

Nilikwenda kutafuta koleo na nilipotoka nilimkuta Kija ameshapanda kwenye kiti. Alimtoa kwa vidole vitupu, akapuliza sisimizi, akainusa ile maiti. Ainuse ya nini? Akasema, "Inanuka hospitali." Hakunitazama alipokuwa akisema. Alimfukia chini ya bogenvilia, kisha akaenda kunawa, nadhani kwa sababu nilikuwa namwangalia mikono.

Spiriti inapoza mwili. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba mtoto mchanga hafutwi kwa spiriti mwili mzima. Najua hilo vizuri sana na nisingependa mtu yeyote anikumbushe.

Mchana mama ndege alirudi kiotani. Nilikaa chini nyuma ya pazia. Sikupiga picha.

Ijumaa, 4 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Mama yake Kija amelazwa Sengerema, tumbo. Mafua ya mtoto yamerudi.

Jumatatu, 7 Novemba

Kija anakwenda Sengerema kesho kumwona mama yake, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Alitaka kumbeba mtoto. Nilikataa: wodi imejaa wanaokohoa, mtoto ana mafua, na kivukoni kuna upepo. Nilisema nitabaki naye mimi, nimelea watoto wa watu maelfu. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli, na pia kwa sababu nilitaka kujua atakavyokuwa bila mama yake, maana siku zinakaribia. Kija alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sahani yake.

Akakubali. Alinionyesha mahali pa kila kitu, ndani ya nyumba ambayo nimekaa mwezi mzima.

Jumanne, 8 Novemba

Naandika jioni, mtoto amelala mgongoni mwangu nimemfunga kwa khanga ya mama yake. Amekataa kulala kwa nyingine. Khanga inanuka samaki.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Alikunywa maziwa ya kuchemsha kwa kijiko, akacheka, nikampiga picha mbili. Saa sita mvua kubwa ilianza, na pua yake ikaziba. Ilikuwa imeziba hasa, si ile ya kutiririka. Mtoto wa umri huu anapumulia pua. Akiwekewa kijiko mdomoni pua ikiwa imeziba, hana pa kuvutia hewa. Alimeza kidogo, akapaliwa, akatapika, akalia, na kulia kukazidi kuziba.

Nilikwenda kuchukua kipira changu. Nilikiminya, nikakiingiza, nikaachia, hakikuvuta kitu. Nikakiangalia kwenye mwanga: kimepasuka, ufa mrefu tangu shingoni hadi kitakoni. Nimekichemsha kila siku kwa wiki tatu, kipira cha miaka ishirini na zaidi. Nimekiua kwa usafi, kama nilivyomwua yule kinda.

Nilidondosha maji ya chumvi kwa pamba. Nilisokota pamba na kujaribu kuvuta. Nilimweka wima, nilimlaza kifudifudi, nilimpigapiga mgongo. Muganyizi alikuwa kazini na njia ilikuwa mto. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anahema kwa kifua chote, mbavu zinaingia ndani, na pembeni ya midomo yake ile rangi ikaanza, rangi ambayo nimeiona mara nyingi kuliko ninavyotaka. Nilisimama na mjukuu wangu mikononi, na bado nilikuwa natafuta chumbani kwa macho kama kuna kifaa.

Hakukuwa na kifaa. Niliinama nikaweka mdomo wangu.

Nitaandika ilivyokuwa kwa sababu ripoti isiyo kamili haina maana. Yale makamasi ni ya uvuguvugu. Ni mazito, yanakuja kwa mkupuo, na yana chumvi. Nilitema sakafuni, kwenye sakafu niliyoipiga deki mwenyewe, nikarudi tundu la pili. Nikarudi tena la kwanza. Mara ya tatu alivuta hewa kwa pua, nikaisikia inapita, akanipigia chafya usoni, machoni, mdomoni, kila mahali. Kisha akalia kilio kikubwa kizuri.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Nilitapika kwenye beseni, nikarudi nikamnywesha maziwa kwa kijiko, akayamaliza. Mara mbili tena alasiri imenibidi. Mara ya mwisho sikutapika.

Muganyizi amerudi saa kumi na mbili amelowa. Madereva wanasema magugu maji yamejaa gati la Busisi na ziwa limechafuka, kivuko hakivuki mpaka kesho. Aliuliza mtoto ameshindaje. Nilimwambia ameshinda.

Jumatano, 9 Novemba

Kija amefika saa nne, tope hadi magotini, blauzi imelowa kifuani kwa maziwa. Alipiga magoti, "Shikamoo Mama," na kabla sijamaliza marahaba mikono yake ilikuwa imeshamfikia mtoto. Wakati anamnyonyesha alimchungulia pua. Kisha akainua macho, akaona kipira kwenye ubao wa dirisha.

"Kimepasuka," akasema.

"Kimepasuka."

"Tangu lini, Mama?"

"Jana mchana."

Aliitazama tena pua ya mtoto, matundu yote mawili safi. Akanitazama mdomo, mimi, kama nilivyokuwa nikimtazama yeye wiki tatu. Alipomaliza kunyonyesha alikwenda kuwasha moto, akanichemshia chai ya tangawizi ambayo sikuiomba.

Nilipoingia chumbani kwangu kiota kilikuwa kitupu. Kinda aliyebaki alikuwa chini kwenye tofali, mkia mfupi, anapigiwa kelele na wazazi wake wote wawili ajaribu tena. Nilikuwa nimetunza picha za mwisho kwa ajili ya siku hiyo. Kamera ilikuwa mezani. Nilimwangalia tu akirukaruka mpaka akapotea kwenye majani ya jirani. Kiotani hapakuwa na uchafu hata chembe.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimemwambia Muganyizi nitaondoka peke yangu. Aliuliza kwa nini. Nimemwambia ng'ombe wangu amepunguza maziwa.

Jumanne, 15 Novemba

Mbu wa ziwani tena. Nimekula uji nao.

Jumamosi, 19 Novemba

Picha zimesafishwa. Nyingi ni majani, na moja ni kidole changu. Lakini ile ya tarehe thelathini imetoka vizuri kuliko picha zote nilizowahi kupiga: kila unyoya unaonekana, jicho linang'aa, na kifuko cheupe kimeshikwa mdomoni kwa uangalifu kabisa, kisipasuke.

Kija alifuta mikono kwanza, ndipo akaishika. Nilimwambia ndiyo ile niliyomsimulia. Akasema, "Huyu ana bahati, hana mama mkwe wa kumnyang'anya mtoto."

Kumbe alikuwa anajua. Muganyizi alimwambia siku ileile niliyomkataza, mwanangu asiyebisha. Alijua alipokuwa ananipigia magoti, alijua alipoondoka kwenda Sengerema na kuniachia mtoto mikononi. Alikaa na hilo moyoni usiku mzima ng'ambo ya maji, matiti yamemjaa, bila kujua akirudi atakuta nini.

Nilimwambia, "Anaye. Alimwulia mtoto mmoja kwa spiriti."

Kija alicheka. Alicheka mpaka akaweka picha chini, na mimi nikaona aibu, kisha nikacheka kidogo. Ameibandika ukutani juu ya karai. Itanuka samaki kufikia Krismasi.

Jumapili, 27 Novemba. Melini

Walinisindikiza wote bandarini. Kija alikuwa na kikapu changu: ndizi, mchele, na kifurushi cha gazeti kilichopenya mafuta. Nilijua ni nini na sikuuliza. Muganyizi alikuwa na mwavuli, na mtoto nilikuwa naye mimi.

Tulipofika kwenye ngazi pua ya mtoto ilikuwa imeziba, anahema kwa mdomo. Nilimnyooshea Kija mtoto. Kija hakumpokea. "Msaidie, Mama," akasema. "Mimi nimebeba kikapu." Kikapu kingeweza kukaa chini. Alisimama tu amekishika kwa mikono miwili, ananisubiri.

Watu walikuwa wengi, wengine wa kwetu Kamachumu, wananijua tangu nikivaa sare nyeupe. Niliinama nikanyonya, nikatema ziwani. Nikarudi tundu la pili. Mtoto akapiga chafya, akatabasamu na ufizi wake.

Muganyizi aligeuza uso. "Mama," alisema chinichini, "watu wanaona."

"Wewe nilikuwa nakusafisha kwa kipira," nikamwambia.

Kija aliweka kikapu chini, akampokea mwanawe, akapiga magoti kuniaga palepale kwenye maji ya mvua.

Bado ni uchafu. Naandika hivyo ili nikisoma tena nisije nikajidanganya kwamba nimebadilika. Ile chumvi ninayo bado mdomoni. Chupa ya maji ya kusukutua iko hapa kando yangu, nimeijaza mwenyewe asubuhi, na tumeshapita visiwa vya mwanzo na sijaifungua.